Mahali pa Kisicho na Mahali

Lugha ya Kiswahili ina tabia moja ambayo wasemaji wake huipita kila siku bila ya kuitazama. Mtu akitaka kusema kwamba kitu fulani si cha kubuni, bali ni cha kweli, husema kwamba kitu hicho kipo, au kiko, au kimo. Silabi hizo za mwisho, po na ko na mo, ni silabi za mahali. Ya kwanza huonyesha mahali panapojulikana, ya pili mahali kusikobainishwa, na ya tatu ndani ya kitu. Twasema kalamu ipo mezani, ng'ombe wako malishoni, maji yamo mtungini. Kisha, kwa silabi zizo hizo, twasema kuwa haki ipo, kuwa upendo upo, na kuwa Mungu yupo. Haki haina meza, wala upendo hauna malisho. Lakini ulimi wetu haukujaliwa njia nyingine nyepesi ya kuyakiri mambo hayo ila kwa kuyapa mahali.

Nataka kuuliza hivi: neno la mahali linapotumiwa kwa kitu kisicho na mahali, je, ni uongo, au ni pambo, au ni nini? Swali hili ni la kale. Wanafalsafa na wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia kwa karne nyingi, toka Khurasan mpaka Hispania, na miongoni mwao walikuwako waliofungwa kwa ajili yake. Wala msomaji asidhani kuwa ni swali la wazee wenye vilemba peke yao. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba yeye ni wa chini katika darasa lake amekwisha kuingizwa ndani ya swali hilo, ajapokuwa hana habari.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwarabu akisema kwamba kitu kipo, neno lake, maujudi, lina asili ya kupatikana: kilichopo ni kile ambacho mtu amekipata. Yeye basi hakuanzia mahali kama sisi. Lakini alipotaka kusema habari za heshima, elimu na ibada, naye alikimbilia mahali, na maneno yake mengi tumeyarithi. Daraja ni kipandio cha ngazi kabla ya kuwa cheo. Sisi tukaliongezea kazi ya kuvusha watu mto. Makamo, ambayo kwetu ni umri wa mtu mzima, kwa asili ni mahali pa kusimama, na masufi walilitumia kwa vituo ambavyo nafsi huvipitia, kama vile toba, subira na kumtegemea Mungu. Madhehebu ni njia ya kwendea. Tarika ni njia vile vile. Hata sheria, wasema wajuzi wa lugha, hapo zamani ilikuwa njia ya kufikia maji, na mtu wa jangwani hahitaji kuelezwa kwa nini njia hiyo ilipewa heshima.

Ugomvi ulizuka pale maneno ya namna hii yalipohusu Mwenyezi Mungu mwenyewe. Kurani yamtaja Mungu kuwa yu juu ya Kiti chake cha enzi. Na pengine yasema kwamba Yeye yu karibu na mwanadamu kuliko mshipa wa shingo yake. Msomaji akiyaweka mambo haya mawili pamoja, akayapima kwa kamba kama apimavyo fundi wa nyumba, atashindwa. Aliye juu ya mbingu zote hawezi kuwa karibu kuliko damu ya mwilini, ikiwa juu na karibu vina maana ile ile viliyo nayo tunaposema habari za dari na ukuta.

Waislamu hawakukubaliana juu ya njia ya kutokea hapo. Wakarami wa Khurasan walilishika neno kama lilivyo, hata wapinzani wao wakawashutumu kwamba wamemfanya Mungu kuwa mwili ulioketi. Mu'tazila walisema kwamba Kiti ni mfano wa ufalme na uwezo. Malik bin Anas, mwanachuoni mkuu wa Madina aliyefariki mwaka 795, aliulizwa swali hili na mtu mmoja, akainamisha kichwa mpaka jasho likamtoka. Kisha akafundisha kwamba neno linajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kulichokonoa ni uzushi. Wafuasi wa Al-Ash'ari, ambao mafundisho yao yalienea sana baadaye, walikana kabisa kwamba Mungu ana upande. Na mwaka 1306 Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Damascus, aliitwa Kairo akahojiwa mbele ya makadhi, akatiwa gerezani, akakaa humo zaidi ya mwaka, kwa sababu alishikilia kwamba Mungu yu juu ya viumbe kwa kweli, ingawa si kwa namna ya viumbe. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane. Lakini ni jambo la kutazamwa sana kwamba mtu alifungwa kwa neno dogo kama juu.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyeishi toka mwaka 1126 hata 1198, akawa kadhi na mganga na mfasiri wa vitabu vya Aristotle, alikumbuka kisa kimoja katika kitabu chake kidogo juu ya mapatano ya falsafa na dini. Kisa chenyewe kimo katika mapokeo ya Mtume. Mtu mmoja alikuwa na mjakazi aliyechunga kondoo wake. Siku moja mbwa-mwitu akachukua kondoo mmoja, na yule bwana kwa hasira akampiga kofi mchungaji wake. Baadaye akajuta, akamwendea Mtume, akauliza kama amwache huru. Mtume akamtaka yule mwanamke aletwe, akamwuliza: Mungu yuko wapi? Akajibu kwamba yuko mbinguni. Akaulizwa tena: Mimi ni nani? Akajibu: Wewe ni Mtume wa Mungu. Basi Mtume akaamuru aachwe huru, maana ni mwenye imani.

Ibn Rushd alikitumia kisa hicho kwa kuwatetea watu wasiosoma. Alisema kwamba wako watu ambao hawawezi kusadiki kitu wasichoweza kukipiga picha akilini, na kwamba kuwanyang'anya picha ya mbingu ni kuwanyang'anya dini yenyewe. Mwanafalsafa na ajue siri yake kimya. Rai hiyo ina huruma ndani yake, lakini ina kiburi pia, na sipendi kuipokea yote. Nani alimwambia Ibn Rushd kwamba mchungaji yule hakujua alilokuwa akisema? Kwa mtu aliyelala chini ya anga usiku baada ya usiku, akiwa hana mali wala jamaa wa kumtetea, mbinguni huenda hapakuwa mahali hata kidogo. Huenda lilikuwa neno la kusema kwamba yuko Mmoja ambaye mkono wa bwana wake haumfikii. Haya ni mawazo yangu, wala kisa hakiyasemi, lakini hakiyakatai.

Hata hapa twazungumza juu ya Mungu. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 akafariki Hamadan mwaka 1037, alilileta swali karibu zaidi, akamwuliza mwanadamu juu ya nafsi yake mwenyewe. Katika kitabu chake kikubwa, Al-Shifa, aliweka mfano ambao wasomi hawajaacha kuujadili mpaka leo. Tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, bila ya kuzaliwa wala kukua. Macho yake yamefunikwa asione kitu. Anaelea hewani, au katika utupu, wala hewa yenyewe haimgusi kwa namna ya kuhisika. Viungo vyake vimetengana: mkono haugusi ubavu, kidole hakigusi kidole. Hajui kama ana kichwa au miguu, moyo au ubongo. Je, mtu huyo atakuwa na lolote la kukiri? Ibn Sina ajibu kwamba atakiri jambo moja pasipo shaka, nalo ni kuwako kwake mwenyewe. Lakini hatajidai kuwa na urefu, wala upana, wala kina.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyotutega hapa. Mtu huyo atasema, Mimi nipo. Na kwa kusema hivyo atakuwa amejipa mahali, wakati ambapo maana yote ya mfano ni kwamba hana habari ya mahali. Twalazimika kulitumia neno na kulikanusha papo hapo.

Mwanafunzi mwerevu atainua mkono apinge. Atasema: mtu aweza kuisikia sauti ya mgeni gizani, asijue kwamba mgeni huyo ndiye aliyekutana naye njiani jana. Kutojua kwamba wawili ni mmoja hakuwafanyi kuwa wawili. Vivyo hivyo mtu anayeelea aweza kuijua nafsi yake asiujue mwili wake, na huku nafsi na mwili vikawa kitu kimoja. Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa maoni yangu mfano wa Ibn Sina hauthibitishi yote aliyoyataka. Lakini jambo moja unalionyesha wazi: mtu hahitaji kujipima ili ajijue. Ile mimi iliyo ndani yake haikupatikana kwa kutazama kimo chake wala mahali alipowekwa. Na mtu akisema, katika nafsi yangu, au ndani ya moyo wangu, lile neno ndani si ndani ya mtungi.

Msomaji aweza kuuliza, kama ni hivyo, kwa nini tusiyaache maneno ya mahali tukasema wazi? Jawabu ni kwamba hatuwezi, na ibada ya Waislamu yenyewe yaonyesha jinsi ya kuyatumia bila ya kutekwa nayo. Kila aswaliye huelekea Makka. Mtu wa Baghdad huelekea kusini-magharibi, mtu wa Java huelekea upande wa magharibi, na mtu wa pwani yetu huelekea kaskazini. Ndiyo maana wazee wa pwani waliita upande wote wa kaskazini kibla, hata baharini mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiswali. Ikiwa watu wote hawa wamwelekea Mungu, na nyuso zao zatazama pande mbalimbali, basi ni dhahiri kwamba upande si makao yake. Kurani yasema waziwazi kwamba mashariki na magharibi ni za Mungu. Waislamu wa kwanza huko Madina waliswali wakielekea Yerusalemu, na mwaka 624 wakageuzwa kuelekea Makka, Mungu hakuhama. Na mtu akiwamo ndani ya Kaaba yenyewe, aweza kuelekea ukuta wowote. Pale ambapo pande zote zaelekea, upande hukoma.

Nimefika kwenye kisa ninachokipenda kupita vyote katika habari hizi. Al-Juwayni, aliyeishi toka mwaka 1028 hata 1085, alikuwa mwalimu mkuu huko Nishapur, akaitwa Imamu wa Misikiti Miwili Mitakatifu kwa kuwa alipata kufundisha Makka na Madina. Al-Qurtubi, mfasiri wa Kurani, asimulia kwamba Al-Juwayni aliulizwa kama Mungu yu katika upande. Akajibu kwamba sivyo. Wakamtaka dalili. Akasema: Dalili ni neno la Mtume kwamba asitukuzwe kuliko Yunus bin Matta. Watu hawakufahamu, wakamwomba aeleze. Akasema kwamba hataeleza mpaka mgeni wake aliyekuwapo apewe dinari elfu za kulipia deni lake. Watu wawili wakasimama, wakasema kuwa wao watalilipa. Akakataa kwamba mgeni awafuate watu wawili, maana litakuwa zito juu yake. Basi mmoja akalichukua lote.

Hapo ndipo Al-Juwayni alipoeleza. Mtume Muhammad, usiku wa Miraji, alipandishwa juu ya mbingu mpaka mahali ambapo hapana kiumbe aliyepafikia. Yunus alitupwa baharini akamezwa na samaki, akashuka mpaka vilindini, katika giza la usiku na giza la bahari na giza la tumbo la samaki. Na yule aliyekuwa juu kabisa hakuwa karibu na Mungu kuliko yule aliyekuwa chini kabisa.

Dalili hiyo yatosha kwa hoja. Lakini mimi huvutiwa na dinari elfu. Mwalimu aliulizwa swali la juu kabisa katika elimu yake, akalisimamisha kwanza kwa ajili ya mtu aliyekuwa amelemewa na deni, tena akaangalia asije akasumbuka baina ya walipaji wawili. Sijui kama wasikilizaji wake walitambua kwamba alikuwa amekwisha kuanza kujibu.

Fundisho lilo hilo limo katika mwili wa kila anayeswali. Katika swala yote, mapokeo yasema kwamba mja huwa karibu mno na Mola wake anaposujudu, yaani paji la uso lake likiwa mavumbini, chini ya mahali pote mwili unapoweza kufika kwa heshima. Sultani na mchukuzi hulingana hapo kwa kimo.

Lakini si wanafalsafa wote waliokubali kuiachia ngazi. Al-Farabi, aliyefariki Damascus mwaka 950, aliandika juu ya mji mwema, ambao watu wake husaidiana kuifikia furaha ya kweli. Alianza na mbingu. Kutoka kwa Yule wa Kwanza hutoka akili, na kutoka akili hiyo akili nyingine, zikishuka daraja kwa daraja mpaka ile ya kumi, chini ya falaki ya mwezi. Na chini yake dunia yetu. Kisha akaupanga mji kwa mfano wa mbingu na wa mwili: mtawala ni kama moyo, chini yake wanaomtumikia, chini yao wanaowatumikia hao, mpaka kufika kwa wale wanaotumikia wasitumikiwe na mtu yeyote. Hao, asema, ndio wa chini kabisa.

Al-Farabi alijua vyema kwamba akili haina mahali, na kwamba kushuka kwa akili zake ni mfano tu. Tena tumfanyie haki: daraja zake hazikuwa za nasaba wala za dhahabu, zilikuwa za tabia njema na uwezo wa kila mtu. Lakini mfano uliokuwa mwepesi mbinguni ukawa mzito ulipoletwa sokoni, kwa kuwa sokoni mfano hupata mabega ya kuukalia. Mtu wa chini si akili ya falaki. Ni mtu, na mzigo alio nao una uzani. Hapa simfuati Al-Farabi. Sisi walimu tumezoea mno kumfuata. Twawapanga watoto kama vyungu rafuni, huyu wa kwanza, huyu ameshika mkia, na baada ya muda mfupi twasahau kwamba rafu ni yetu. Mtoto aliyeshika mkia katika hesabu hakushuka popote. Amekaa kwenye dawati la urefu ule ule.

Aliyelifahamu jambo hili kwa maisha yake mwenyewe ni Al-Ghazali, mwanafunzi wa Al-Juwayni, aliyezaliwa Tus mwaka 1058. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kufundisha katika chuo cha Nizamiyya huko Baghdad, na hapakuwa na kiti kilichopita hicho kwa heshima katika nchi zile. Miaka minne baadaye, mwaka 1095, akiwa katika shaka na ugonjwa hata ulimi wake ukafungika asiweze kufundisha, alikiacha. Aligawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake, akaenda Damascus. Mwenyewe ameandika kwamba huko alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa. Yule aliyeshuka katika macho ya watu alikuwa kila asubuhi akipanda ngazi.

Katika miaka ya kutangatanga aliandika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, na humo, katika sehemu ya maajabu ya moyo, ameweka mfano wa birika. Tudhani birika limechimbwa ardhini. Maji yaweza kuletwa ndani yake kwa mito inayotiririka kutoka juu. Au mito ikazibwa, na chini ya birika pakachimbwa na kuondolewa udongo, mpaka maji safi yakabubujika kutoka ndani. Moyo ndio birika, elimu ndiyo maji, na milango mitano ya fahamu ndiyo mito. Maji ya chini, asema, huwa masafi zaidi na ya kudumu zaidi, na pengine mengi zaidi.

Mfano huu wapindua mpango wote wa ngazi. Hapa elimu haipandwi kama mlima, yachimbwa. Wala haiko mbali, ila imefunikwa, na kinachoifunika ni udongo wa mwenye birika mwenyewe. Al-Ghazali hakusema kwamba mito izibwe daima. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma vitabu vya wanafalsafa kuliko wengi waliovisifu. Wala birika si mahali zaidi ya mbingu ya yule mchungaji wa kondoo. Ni picha nyingine, na picha moja husaidia kutuzuia tusiikwamie nyingine: aliyechoka kutazama juu na atazame ndani, na aliyeanza kudhani kwamba ndani ni chumba na ainue uso tena aitazame anga.

Al-Ghazali alirudi Tus. Mwaka 1106 aliitwa tena kufundisha Nishapur, akaenda kwa muda, kisha akarejea kwao. Kando ya nyumba yake akaweka mahali pa wanafunzi kusomea na mahali pa masufi kukaa, akagawa saa zake kati yao mpaka alipofariki mwaka 1111.